Seli za Brayo

Kazi yangu ya kwanza katika sayansi ilikuwa kuosha chupa. Nilikuwa na shahada, nilikuwa nimevaa viatu vipya, na mama yangu alikuwa ametangazia soko zima la Jericho kwamba binti yake Nduku ameajiriwa kutafuta dawa. Nilipofika, Daktari Wanyama, mkuu wa maabara, alinitazama viatu, akanionyesha karai, akasema chupa ikibaki na sabuni hata tone moja seli hufa, na nikiua seli zake tutakuwa tumejuana vibaya. Nikaosha mpaka ngozi ya vidole ikajikunja. Kila chupa ilisuuzwa kwa maji ya bomba, kisha kwa maji yaliyochujwa, kisha ikafunikwa na kupikwa kwa mvuke. Sikutafuta dawa yoyote mwaka huo.

Ninawaandikia ninyi mliobaki kwenye korido ile kwa sababu siku ya kuniaga mliniomba niseme neno, nikasimama na kikombe cha chai mkononi na neno halikuja. Mlidhani ni machozi. Hayakuwa machozi. Nilichokuwa nacho hakikufaa kusemwa mbele ya keki. Vyeo sitavitaja, vilibandikwa mlangoni na sasa vimebanduliwa.

Nimezaliwa Jericho, Nairobi, katika zile nyumba za zamani za baraza la jiji. Baba alikuwa mchonga vinyago aliyetoka Machakos, halafu akawa dereva wa jiji. Majirani walipomuuliza mimi hufanya kazi gani, alisema ninachunguza nyama. Nilimrekebisha kwa miaka mingi, kisha nikaacha, maana kadiri nilivyoendelea na kazi ndivyo alivyozidi kuukaribia ukweli.

Swali la Wanyama lilikuwa moja, na alilishabikia kama wengine wanavyoshabikia timu ya mpira. Kila seli mwilini imebeba jeni zote. Seli ya damu inayopigana na viini vya magonjwa na seli ya msuli inayoinua ndoo zina maandishi yaleyale, herufi kwa herufi. Ni nani basi anayeiambia moja isome ukurasa huu na nyingine iufunge? Yeye alilitafuta jibu katika seli za kinga. Kuna protini fulani ambayo, seli ya kinga ikishtuka, huingia katikati ya seli, kwenye kiini chake, hushika DNA na kuwasha jeni za vita. Jina lake la kitaalamu ni herufi zisizosomeka. Sisi tuliiita Kengele. Wanyama alisema mtu hawezi kukaa na kitu maisha yake yote akikiita kwa herufi, kama faili ya polisi.

Alinifundisha kushika pipeti, kile kifaa cha kunyonyea matone, bila kutetemeka, kwa kuweka kiwiko mezani na kutoa pumzi kabla ya kubonyeza. Alinifundisha kuandika jina la sampuli kwenye mfuniko na pia ubavuni, kwa sababu mfuniko huzunguka kama umbea. Naitrojeni ya kugandishia seli tuliichukua kwenye kiwanda cha gesi Baba Dogo, tukaileta kwa gari madirisha yote yakiwa wazi, kwani mvuke wake ukijaa ndani mtu hulala usingizi usio na asubuhi. Na alinifundisha jambo ambalo nimelirudia kwenu mpaka mkalichoka: likatae jibu lako kabla hujalipenda. Kila tulipopata matokeo mazuri alikaa chini na kuyapiga vita siku nzima. Yaliyosalia jioni ndiyo tuliyoyaamini. Hayakuwa mengi.

Hivyo ndivyo tulivyoingia kwenye misuli, kwa mlango wa nyuma. Msuli ukiumia, seli za kinga huja kusafisha, hupiga kelele, kisha huondoka ili ukarabati uanze. Tuligundua kwamba Kengele hiyohiyo iko pia ndani ya seli za msuli, na huko inafanya kinyume. Ikibaki imewashwa, jeni za ukarabati hubaki zimezimwa. Msuli hukaa kama nyumba ambayo mafundi hawaingii kwa sababu askari hawajatoka. Kuna magonjwa ambamo askari hawatoki kamwe. Wanyama, ambaye alikuwa amebakiza miaka michache kustaafu, aliniambia hiyo ni kazi yangu sasa, yeye amezeeka.

Mama Brayo nilimjua kanisani. Alishona sare za shule katika kibanda kando ya Jogoo Road, upande wa Mbotela, mwanamke mrefu wa maneno machache, aliyekuja kutoka Siaya kuolewa na karani wa jiji. Mwanawe wa kwanza alianza kuangukaanguka akiwa darasa la pili, akaacha kutembea, akafa kabla hajaota ndevu. Wa pili alikuwa Brian, ambaye Mbotela nzima ilimwita Brayo, na wakati huo alikuwa kijana aliyekaa miaka kwenye kiti cha magurudumu. Mume alikuwa amesikiliza maneno ya ndugu zake, akarudi Siaya na kuoa mwingine. Watoto wa yule mwingine walikuwa wanakimbia.

Alinijia baada ya ibada akaniuliza kama ni kweli kazi yangu ni mambo ya damu. Nikasema ni kitu cha karibu na hicho. Nilijiandaa kuulizwa habari za dawa, kama ninavyoulizwa na kila mtu. Hakuuliza. Alinieleza kwamba kwa mumewe walisema ugonjwa umetoka kwa watu wa mama, kwamba kaka zake wawili walikwenda hivyohivyo wakiwa wadogo, na kwamba aliingia kwenye nyumba ya watu akijua anachokibeba. Alitaka apimwe. Alitaka sayansi iseme hapana.

"Wewe ni daktari," alisema. "Wakisikia kwako wataacha."

Nilijua jibu papo hapo, pale kwenye ngazi za kanisa. Watoto wawili wa kiume na ndugu wawili wa mama: hapo mtu hahitaji maabara. Lakini nilishafundishwa kulikataa jibu, na mara hii nililikataa kwa moyo wangu wote. Nilichukua damu yake na ya Brayo, nikasoma jeni inayobeba ugonjwa huo kipande kwa kipande, nikarudia, nikarudia tena nikitafuta mahali nilipokosea mimi. Sikukosea. Nilimpelekea Wanyama matokeo. Aliyatazama kwa muda mrefu, akasema nimwambie mama wa watu ukweli lakini nisimwache peke yake nao. Kisha akakumbuka ana mkutano.

Nilimwita ofisini. Nilikuwa nimeyapima maneno usiku na mchana. Lugha yetu ina neno kosa, na neno hilo lina dhambi ndani yake, kwa hiyo nikachagua hitilafu. Nikamwambia kuna hitilafu ndogo kwenye jeni moja, herufi chache zimepotea, na kwa sababu hiyo misuli haitengenezi protini inayoishikilia isichanike. Nikamwambia mwanamke ana nakala mbili za jeni ile, moja ikiharibika nyingine inambeba, na mwanamume ana moja tu. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya mkoba.

"Kwa hiyo walikuwa wanasema kweli," alisema.

"Hakuna aliyekosea, Mama Brayo."

"Lakini limetoka kwangu."

Mama Brayo alizungumza Kiswahili cha kanisani, kilichonyooka. Alisema limetoka; hakusema imetoka. Masikioni mwake hitilafu yangu ilikuwa imeshageuka kosa.

"Imepita kwako tu," nikamwambia. "Wewe pia uliipokea kwa mamako, bila kuulizwa."

"Kupita na kutoka," alisema, "mbele ya shemeji zangu, hivyo ni vitu viwili?"

Kwa jeni ni vitu viwili. Nimeyasoma maishani mwangu maandishi mengi juu ya jeni, na sijaona mahali palipoandikwa jinsi ya kuvitenganisha mbele ya shemeji. Alipoinuka aliniomba jambo moja: Brayo asijue. Alisema kijana akijua ugonjwa umetoka kwa mama yake atamwonea huruma, na hiyo hataiweza.

Nikaahidi. Nilianza kupita Mbotela mara kwa mara nikitoka kazini, nikijiambia ninakwenda kumtazama mgonjwa. Ukweli ni kwamba Brayo alikuwa mtu wa kupendeza kukaa naye. Alikuwa amejifunza kutengeneza simu, akikaa dirishani na bisibisi ndogo, kwa sababu katika ugonjwa ule mabega huondoka, mapaja huondoka, mgongo hupinda, lakini vidole hubaki nyuma kwa muda mrefu. Watu walimletea simu kutoka Jericho, Makadara, kote. Hakuwa na adabu nyingi.

"Niaje Dok," alikuwa akiniambia. "Misuli zangu zinasemaje?"

Siku moja mama yake alipotoka kwenda kuchukua kitambaa, aliweka bisibisi chini akaniambia, bila kunitazama, "Hii maneno inatoka kwa mathe, si ndio? Nilisoma kwa simu. Kitambo." Nilichukua simu moja mezani nikaigeuzageuza, na hilo lilikuwa jibu. Akachukua bisibisi tena. "Usimwambie najua. Atajimaliza na mawazo." Nikaahidi kwa mara ya pili, ahadi iliyoitazama ile ya kwanza usoni. Mama akarudi na kitambaa, akatupikia chai, na sote watatu tukaongea habari za mvua.

Nilipomwomba kipande cha msuli wake kwa utafiti, nilimweleza wazi kwamba hakitamsaidia yeye. Alisema hajawahi kusaidiwa na kitu kinachomsaidia, kwa hiyo tujaribu hiki. Daktari wa upasuaji alikitoa pajani, kidogo kama harage, na kingi chake kilikuwa mafuta na makovu. Nilidhani hakitaota kitu. Nilikikatakata, nikakiweka kwenye kisahani na chakula cha seli, kile cha rangi ya waridi, nikakifunga ndani ya kabati la joto na kusubiri. Baadaye nikaona chini ya darubini seli chache zimeshika kioo, nyembamba, zimechongoka pande mbili. Seli za Brayo.

Wengi wenu hamkuwahi kulea seli za msuli wa mtu, kwa hiyo niwaeleze. Zinahitaji chakula kipya kila baada ya siku mbili, Krismasi ikiwemo. Ukiziacha zijazane mno hukata tamaa ya kugawanyika. Ukizipunguzia chakula kwa wakati wake, hujipanga, huungana moja na nyingine na kuwa nyuzi ndefu, na hapo ndipo huwa msuli kweli. Za Brayo ziliungana vibaya, zikawa fupi na nyembamba, na nilipoangalia jeni zake nikakuta Kengele imewashwa, na jeni za ukarabati ziko kimya. Lilikuwa jambo tulilolitabiri. Sikufurahi kama nilivyotarajia.

Tulijaribu kemikali nyingi za kuizima Kengele. Nyingi ziliua seli, ambayo nayo ni njia ya kunyamazisha kelele. Halafu tukapata moja. Seli zilipoipata, jeni za ukarabati ziliwaka moja baada ya nyingine, nyuzi zikanenepa, na asubuhi moja nilipoinamia darubini nikaona uzi mmoja umejikunja na kujikunjua wenyewe. Nikamwita Wanyama. Aliangalia, akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena. Jioni ile hakuyapiga vita matokeo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiliacha jibu lilale salama.

Ningefanya vyema kutomwambia Brayo, pengine, lakini zilikuwa seli zake. "Yaani mimi nimekaa hapa, na hao wako gym," alisema. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza dawa ile inapatikana wapi.

Nilimwambia si dawa bado, ni panya kwanza. Panya tulikuwa nao, wa kundi lenye ugonjwa huohuo, na tukawapa. Misuli yao ilipona. Walishika waya na kuning'inia kama panya wazima, na fundi wetu wa panya, mtu ambaye hakuwahi kusifu kitu, alisema hajaona panya wagonjwa wakifanya vile. Halafu wakaanza kufa. Kengele ile tuliyoizima kwenye misuli tulikuwa tumeizima pia kwenye seli za kinga, kwa sababu kemikali haijui tofauti, na kiini chochote cha ugonjwa kilichopita bandani kiliingia mapafuni mwao bila kukuta askari. Tukabaki na panya wenye misuli mizuri sana, waliokufa.

Brayo alisikia habari za panya, na bado aliomba. Wakati huo sauti yake ilikuwa imeshuka, kifua kilikuwa kimeanza kuchoka, na vidole vilikuwa vikidondosha bisibisi. Aliniambia niketi. Kwa mara ya kwanza hakunitania.

"Dok, mimi si panya," alisema. "Lakini niko na haraka kuliko panya. Nipee. Nitasema ni mimi niliiba."

Nilimwambia itamuua. Akasema kila kitu kitamuua, yeye anachagua tu kipi. Nilimweleza habari za viini na mapafu, nikamweleza kipimo cha dozi tusichokijua, nikamweleza sheria. Alisikiliza yote kwa subira, kama mtu anayesubiri mhubiri amalize. Kisha akasema sawa. Hakuniomba tena, na hakuacha kunisalimu.

Nilikuwa sahihi. Nawaambia hivyo kwa sababu mtakutana na siku ya namna hiyo, na mtu atawaambia kwamba mkifanya lililo sahihi mtalala vizuri. Nilifanya lililo sahihi.

Alikufa msimu wa baridi uliofuata. Yalikuwa mafua ya kawaida yaliyoshuka kifuani, mama yake na mimi tukampeleka hospitali kwa gari langu, na hakurudi. Walimzika Siaya. Baba yake alilia sana, na shemeji wakamwambia Mama Brayo pole bila kumpa mkono. Niliporudi Nairobi nilikwenda moja kwa moja maabara, kwa sababu chakula cha seli kilikuwa kimepita siku yake. Zilikuwa nzima. Zilikuwa zimegawanyika vizuri nikiwa mazishini.

Mama Brayo alikuja taasisini baada ya miezi kadhaa. Hakuwa amenijulisha, askari wa lango alinipigia simu. Alisema Brayo aliwahi kumwambia kwamba kuna kipande chake kinaishi huku, na akauliza kama anaweza kukiona. Nilimvisha koti jeupe, nikamketisha kwenye darubini, nikamrekebishia kiti. Nilikuwa na kisahani cha siku ile, chenye ile kemikali, kwani tulikuwa bado tunatafuta njia ya kuiingiza kwenye misuli pekee bila kugusa kinga. Alichukua muda kuzoea. Kisha akatulia, na nikajua ameziona.

"Zinatikisika," alisema.

"Ndiyo."

"Zenyewe?"

"Tumezipa kitu."

Aliendelea kuangalia. Aliniuliza, jicho likiwa bado kwenye lenzi, mbona hatukumpa Brayo. Nikamweleza kama nilivyomweleza mwanawe, kwa maneno mepesi zaidi. Kwamba dawa ile inafungua misuli lakini inaondoa kinga. Kwamba panya walikufa.

"Walikufa na nini?"

"Kifua."

"Kwa hiyo angekufa na kifua."

"Ndiyo, Mama Brayo."

Akainua uso kutoka kwenye darubini. "Alikufa na kifua," alisema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayepima kitambaa na kukuta hakitoshi. Akavua koti, akalikunja mikono ndani kama fundi anavyokunja, akaliweka kwenye kiti, nikamsindikiza langoni.

Niliendelea na kazi ile miaka yote iliyobaki. Tulitafuta mlango ambao uko kwenye seli za msuli na haupo kwenye seli za kinga. Tulipata milango kadhaa iliyofanana nao, na kila mmoja nikaukataa kabla sijaupenda, na kila mara nilikuwa na haki ya kuukataa. Wanyama alistaafu akaenda kwao. Siku aliyozikwa nilikuwa nimejifungia na seli, maana wiki ile hapakuwa na mtu wa kuzilisha, na seli hazijui msiba. Mwanafunzi wangu bora alikwenda ng'ambo kusoma akabaki huko, na sikumlaumu; mwingine anauza vifaa vya maabara na amenenepa vizuri. Katika nchi nyingine watu wenye vyumba vikubwa kuliko vyetu walichukua njia tofauti kabisa, wakairuka Kengele na kwenda kwenye jeni yenyewe, na wakafika mbali kuliko sisi. Kazi yao inatibu watoto wachache wa mbali. Kazi yetu imetajwa katika kazi yao, mwishoni, kwa herufi ndogo, kama njia isiyopitika. Ni haki. Mtu lazima awekee wengine alama kwamba barabara hii imeishia mtoni.

Mnajua yaliyofuata kwa kuwa mlikuwepo. Niliambiwa kwamba nikistaafu upande wetu wa jengo utakuwa ofisi, na kwamba tangi la naitrojeni liwe tupu. Niliandika kwa watu wote niliowajua. Hapa nchini hakuna aliyekuwa akifanya kazi ya misuli. Wa ng'ambo walijibu kwa adabu kwamba seli za aina hiyo wanazo za kutosha, changa zaidi, zenye hitilafu hiyohiyo. Hawakusema uongo. Nilikuwa nimedhani, sijui kwa nini, kwamba za Brayo hazina mfano.

Nilikwenda Mbotela kumwambia mama yake. Kibanda kipo, naye bado anashona, ila sasa ana miwani na anasogeza kitambaa karibu na uso. Alifunga mashine, akanipa kiti, akanimiminia chai ya chupa. Nikamweleza kwamba seli zilizobaki zitatupwa, na kwamba sheria inaruhusu mzazi kuwepo, au kusema jambo, kama anataka. Badala ya kujibu aliniuliza kama Brayo alijua ugonjwa ulipita kwa nani.

Wote wawili niliowaahidi walikuwa wameniachia zile ahadi, mmoja kwa kufa na mwingine kwa kuuliza. Nikasema alijua. Alijua kabla yangu.

"Nilijua anajua," alisema Mama Brayo. "Alianza kuniita 'mama' badala ya 'mathe'. Mtoto haachi utani bila sababu." Alikunja kona ya kitambaa kilichokuwa mapajani, akaikunjua. "Tulikuchosha bure, Daktari."

Nikamuuliza tena kuhusu seli. Aliangalia nje, barabarani, akaniambia bila haraka, "Mimi nilishamzika wangu. Hizo ni zako. Zako zizike wewe."

Akarudi kwenye mashine. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na sare zilikuwa nyingi.

Kwa kawaida tyubu za seli hutupwa zikiwa zimeganda, kwenye mfuko mwekundu, na hakuna anayejua kilichokuwa ndani. Nyingine zote nilizitupa hivyo. Moja niliiyeyusha. Sikuwa na swali la kisayansi la kuuliza; kama yeyote kati yenu angenikuta ningesema ninajaribu chakula kipya. Nikaiweka kwenye kisahani, nikailisha wiki yangu ya mwisho yote, ninyi mkidhani ninapanga vitabu.

Asubuhi ya siku ya kukabidhi funguo nilizitazama. Zilikuwa hai. Zilikuwa zimenyooka na kulala upande mmoja, kama zinavyofanya zikitaka kuungana, na hapakuwa na hitilafu ndani yake nisiyoijua kwa jina na kwa mahali pake. Nikafungua mfuniko, nikamimina klorini. Rangi ya waridi ikapauka ikawa kama maji, seli zikaanza kuachia kioo mojamoja, nami nikakaa na jicho kwenye lenzi mpaka ile ya mwisho.